Vihatarishi katika kazi za mifumo ya kompyuta: namna ya kuvibaini na kuviandika

Maswali haya ni yale ambayo mafundi wa kompyuta, wasimamizi wa mitandao na wahudumu wa vyumba vya seva huyauliza tena na tena. Yamepewa namba ili jibu moja liweze kukupeleka kwenye jingine.

## Mambo ya msingi

1. Kihatarishi ni nini, na kina tofauti gani na hatari yenyewe?

Kihatarishi ni kitu, hali au tendo lenye uwezo wa kudhuru. Kiwango cha hatari kinategemea mambo mawili: kuna uwezekano gani wa mtu kudhurika, na akidhurika ataumia kiasi gani. Betri ya UPS (kifaa kinachotoa umeme wa akiba ule wa ukutani ukikosekana) ni kihatarishi hata ikiwa imetulia ndani ya kasha lake. Hatari inapanda pale fundi anapofungua kifuniko akiwa na pete ya chuma kidoleni na spana isiyofunikwa kwa kihami mkononi.

Tofauti hii ina kazi kwenye karatasi. Ukiandika "hatari ya umeme" tu, anayesoma hajui aogope nini wala arekebishe nini. Ukiandika "vichwa vya betri viko wazi, spana ikiangukia hapo itaunganisha chanya na hasi", umemwonyesha kitu cha kufunika.

2. Kazi hii si ya kukaa mezani tu? Vihatarishi vinatoka wapi?

Mezani kuna vyake (swali la 12), lakini vinavyoua viko nyuma ya mashine: umeme, betri, moto na gesi za kuuzima, raki (fremu za chuma za kupangia seva) zinazopinduka, ngazi, na vigae vya sakafu vilivyoachwa wazi. Kuna pia vinavyodhuru polepole: kelele za feni, moshi wa kulehemu kwa risasi, vumbi la tona (wino wa unga wa printa). Uchovu wa zamu ya usiku nao uandikwe kama kihatarishi, kwa sababu mtu aliyechoka ndiye anayechomoa waya usio wenyewe.

3. Nani anabaini, na wakati gani?

Anayeifanya kazi ndiye anayeijua, hivyo aanze yeye. Msimamizi hupokea, hupima na hutoa fedha na muda wa kurekebisha. Ukaguzi ufanyike kabla ya kazi mpya, kila vifaa au mpangilio unapobadilika, baada ya ajali au nusura ajali (swali la 16), na kwa ratiba hata kama hakuna kilichotokea. Unaosahaulika zaidi ni ule wa baada ya mabadiliko: raki moja ikiongezwa, njia ya kutokea inapungua upana na hakuna anayeipima tena.

## Kukagua eneo

4. Nikiingia chumba cha seva naanzia wapi?

Anza mlangoni, na ufuate njia ileile kila mara ili usiruke kitu. Je, mlango unafunguliwa kutoka ndani bila kadi wala ufunguo umeme ukikatika? Mtungi wa kuzimia moto uko wapi, ni wa aina gani, na sindano ya kipimo iko kwenye kijani? Mtungi wa kaboni dioksidi kwa kawaida hauna sindano hiyo, hupimwa kwa uzito. Maji na povu la kawaida havifai kwenye vifaa vyenye umeme.

Kisha tazama chini: vigae vilivyolegea, nyaya zilizokatiza njia, maji chini ya kiyoyozi. Kigae cha sakafu ya kuinuliwa kikitolewa, shimo lizungushiwe kizuizi muda wote, na visitolewe vingi mfululizo kwa mstari mmoja kwa sababu sakafu hupoteza uimara wake. Halafu mbele ya raki, nyuma ya raki, mwisho dari.

Simama dakika moja bila kugusa kitu. Sikiliza mlio wa kukwaruza wa feni inayokufa na mlio wa kuvuma wa kebo iliyozidiwa. Nusa. Harufu ya plastiki iliyoungua ina maana soketi au plagi fulani imepata joto. Harufu ya yai bovu karibu na UPS inaashiria betri ya risasi na asidi inayochajiwa kupita kiasi: toka, usiwashe wala kuzima swichi karibu nayo, chumba kipitishiwe hewa, na aitwe mwenye ujuzi wa betri.

5. Nimezima swichi na kuchomoa waya. Bado kuna umeme?

Mara nyingi, ndiyo, na hapa ndipo watu wanaumia. Njia ni tatu.

Ya kwanza ni waya wa pili. Seva nyingi zina pawasaplai mbili (vifaa vinavyogeuza umeme wa ukutani uwe wa kutumika ndani ya mashine) zinazolishwa na njia mbili tofauti. Ukichomoa ya kushoto, ya kulia inaendelea kana kwamba hujafanya kitu.

Ya pili ni UPS. Kuichomoa ukutani si kuizima. Ndiyo kazi yake kutoa umeme ukutani kukikosekana, na soketi zake za nyuma zitabaki na volti kamili.

Ya tatu ni kapasita (vipande vinavyohifadhi chaji ya umeme) za ndani ya pawasaplai. Umeme wa volti 230 ukigeuzwa kuwa mkondo mnyoofu unafika takriban volti 325 kwenye kapasita hizo, na kwenye pawasaplai zenye saketi ya kurekebisha kipeo cha nguvu (PFC) unakaribia 400. Chaji hiyo inaweza kubaki baada ya kuchomoa, hasa kipinga (kipande kinachozuia mkondo) cha kuimwaga kikiwa kimekufa. Kwa hiyo kanuni ni fupi: pawasaplai haifunguliwi, inabadilishwa nzima. Skrini za zamani za bomba la kioo ni mbaya zaidi, kwani ndani yake mna maelfu ya volti, kwa skrini za rangi mara nyingi zaidi ya 20,000.

Kwenye saketi ya jengo, zima breka, ifunge kwa kufuli, tundika lebo yenye jina lako na saa, kisha pima. Upimaji una hatua tatu: jaribu mita kwenye chanzo unachojua kina umeme, pima saketi uliyoizima, halafu rudi kwenye kile chanzo cha kwanza. Hatua ya tatu ndiyo inayothibitisha kwamba mita haikufa katikati. Ufunguo wa kufuli hukaa mfukoni mwa aliye kazini, si mezani kwa msimamizi.

6. Kasha la kompyuta linanitekenya nikiligusa. Ni kawaida?

Si la kupuuza. Pawasaplai ina kapasita ndogo zinazopeleka umeme kidogo kutoka kwenye nyaya kuu hadi kwenye kasha ili kupunguza kelele za mawimbi (usumbufu wa umeme, si sauti). Waya wa ardhi, ule mafundi wanaouita ethi, ukiwa mzima, mkondo huo unashuka chini na huusikii. Ethi ikikatika, kasha linaelea kwenye karibu nusu ya volti za ukutani.

Mkondo wa mashine moja kwa kawaida ni mdogo, chini ya miliampea moja. Ila ekstensheni isiyo na ethi ikibeba mashine kumi, mikondo yote inajumlika kwenye makasha yote, na atakayeshika kasha huku mkono mwingine ukigusa bomba la maji anaipokea yote. Tena, ethi ikiwa haipo, hitilafu kubwa ndani ya mashine haitaangusha breka, kasha lenyewe litabaki na umeme kamili.

Zima mashine kwenye ekstensheni hiyo, ichomoe ukutani kwa kushika plagi tu, weka lebo ya "usitumie", pima soketi ya ukutani kwa testa ya soketi, kisha pima uendelevu wa waya wa ethi (kwamba haujakatika) kwenye ekstensheni na kwenye kila kebo. Andika ni kipi kati ya hivyo vitatu kilikuwa na tatizo. Kuandika "imerekebishwa" bila kusema nini kilirekebishwa kunamwacha fundi anayefuata gizani.

7. Nivae mkanda wa kuzuia umeme tuli kila ninapofungua mashine?

Vaa unapogusa bodi, kumbukumbu na kadi, mashine ikiwa imechomolewa. Usivae unapofanya kazi karibu na umeme ulio hai, UPS iliyofunguliwa au skrini ya bomba la kioo. Mkanda unakuunganisha na ardhi, na kipinga chake cha megaohm 1 hakikutengenezwa ili kukulinda dhidi ya volti kubwa. Mkanda uliofungwa moja kwa moja kwa waya mtupu, bila kipinga hicho, ni kihatarishi cha kuandikwa.

8. Nini kinaharibika kwenye ekstensheni na kebo?

Joto. Ekstensheni ya ampea 10 kwa volti 230 inabeba wati 2,300 kwa jumla, haijalishi ina matundu mangapi. Ukichomeka ekstensheni ndani ya ekstensheni, mzigo wote unapita kwenye plagi ya kwanza. Kebo iliyobaki imeviringwa kwenye gurudumu lake inashindwa kutoa joto na inaweza kuyeyuka kabla breka haijaanguka. Gusa plagi kwa nyuma ya kidole: vuguvugu kidogo si tatizo, ila ukitaka kuondoa kidole, au ukiona alama ya kahawia, iondoe kazini.

Nyaya za mtandao zinazobeba umeme wa vifaa nazo zina joto. Kiwango cha juu cha sasa kinatoa hadi wati 90 kwa kila mlango, na mafungu makubwa yaliyokazwa kwa vibano hupata joto katikati, mahali ambapo mkono haufiki.

9. Betri zipi zinahitaji uangalifu zaidi?

Za risasi na asidi, zile za UPS, hutoa haidrojeni zinapochajiwa. Haidrojeni ikifikia asilimia 4 ya hewa inaweza kulipuka kwa cheche moja, kwa hiyo kabati la betri lisizibwe matundu. Betri ndogo ya volti 12 ina mkondo wa kutosha, ikiunganishwa chanya na hasi, kugeuza pete kuwa kitanzi cha moto kidoleni. Vua pete na saa, tumia vifaa vilivyofunikwa kwa kihami, na kumbuka kwamba betri ishirini zilizounganishwa mfululizo ni volti 240 za mkondo mnyoofu ambazo hazina swichi ya kuzima.

Za lithiamu huonyesha dalili kwa umbo. Laptopu inayoyumba kwenye meza tambarare, kifuniko kisichofunga, au padi ya kuendeshea kishale iliyoinuka: betri imevimba. Zima, chomoa chaja, usiibonyeze irudi, usiitoboe, usiichokonoe kwa bisibisi. Iweke kwenye chombo cha chuma chenye mchanga mkavu, kifuniko kisizibwe kabisa, mbali na karatasi na mbali na njia ya kutokea. Ikianza kutoa moshi, wote watoke. Moshi wake una sumu, na seli moja ikishapata joto huwasha jirani yake.

10. Printa, tona, dawa za kusafishia na faiba (nyuzi za kioo zinazobeba mwanga wa data): nichunguze nini?

Kiviringio cha joto ndani ya printa ya leza kinafika karibu nyuzi 200 za Selsiasi, na kinabaki cha moto baada ya kuzima. Tona iliyomwagika isifyonzwe kwa mashine ya kawaida ya vumbi: chembe hupita kwenye chujio na kurudi hewani. Futa kwa kitambaa chenye maji baridi, kwani maji ya moto huifanya inate.

Pombe ya isopropili inashika moto hata kwenye joto la kawaida la chumba. Makopo ya hewa ya kupuliza vumbi nayo mara nyingi yana gesi inayowaka, na ukiyageuza juu chini yanatoa kimiminika kinachogandisha ngozi.

Kwenye faiba, mwanga wa nanomita 1310 na 1550 hauonekani kwa jicho. Kutoona mwanga si ushahidi kwamba hakuna mwanga. Pima kwa mita ya nguvu, usitazame ncha. Vipande vya kioo vilivyokatwa vikusanywe kwa utepe wa gundi au chombo maalumu na vihesabiwe, na pasiwe na chakula wala kinywaji kwenye meza hiyo.

11. Uzito, kelele na gesi ya kuzima moto?

Seva ya 2U (yenye kimo cha nafasi mbili za raki) iliyojaa diski inaweza kuzidi kilo 30, na UPS ya chini ya raki mara nyingi huzidi hapo. Andika uzito kwenye rekodi, usiandike "nzito". Raki hujazwa kuanzia chini, vizito vikae chini, miguu ya kuzuia kupinduka itolewe kwanza, na seva zivutwe nje moja moja. Mbili zikiwa nje kwa pamoja, raki nzima inaweza kumwangukia aliyesimama mbele yake.

Kelele: kiwango kinachotumika sana ni desibeli 85 kwa saa nane, na kwa kanuni inayofuatwa mahali pengi kila ongezeko la desibeli 3 hupunguza muda kwa nusu. Bila mita, kipimo cha haraka ni hiki: ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mita moja akusikie, leta mita upime.

Gesi ya kuzima moto inahitaji swali la peke yake kwenye kila ukaguzi. Mfumo wa kaboni dioksidi, kwa kiwango kinachozima moto, unaua mtu aliye ndani. Kabla ya kutoboa ukuta au kulehemu, mwenye mamlaka aufunge mfumo kwa muda, na saa ya kuufunga na ya kuurudisha ziandikwe. Mfumo uliosahaulika ukiwa umefungwa nao ni kihatarishi.

12. Na kazi za mezani?

Ukingo wa juu wa skrini uwe usawa wa macho au chini kidogo, umbali wa urefu wa mkono, miguu ikanyage sakafu. Kila dakika 20 tazama mbali, kama mita 6, kwa sekunde 20. Maumivu yanayorudi kila siku kwenye kifundo cha mkono au bega yaandikwe mapema, siyo mtu akishashindwa kushika kikombe.

## Kuandika

13. Rekodi nzuri ina nini?

Ina vya kutosha kumfikisha fundi asiyewahi kuingia chumba hicho hadi mahali penyewe, bila kukupigia simu. Namba ya rekodi, tarehe na saa, mahali (chumba, raki, nafasi), ulichokiona, nani yuko hatarini na akifanya kazi gani, kinga iliyopo sasa, kiwango cha hatari, hatua, mwenye hatua, tarehe ya mwisho.

Linganisha. Dhaifu: "Waya mbovu chumba cha seva."

Nzuri: "Chumba cha seva, raki 3, nafasi 12, upande wa nyuma. Kebo ya umeme ya pawasaplai ya kulia imechubuka sentimita 4 kutoka kwenye plagi, shaba inaonekana. Kebo ina umeme. Anayepitisha nyaya nyuma ya raki anaigusa kwa kiganja. Hatua ya papo hapo: mzigo umehamia pawasaplai ya kushoto, kebo imezimwa kwenye swichi yake, imechomolewa na kuwekewa lebo saa 4:20 asubuhi. Hatua ya kudumu: kebo mpya, fundi wa zamu, kabla ya saa 10 jioni leo."

Tenga ulichokiona na unachokidhani. "Shaba inaonekana" umeiona. "Ilibanwa na mlango wa raki" ni dhana, iandike kama dhana.

14. Kiwango cha hatari kinapangwaje?

Wengi hutumia jedwali la tano kwa tano: uwezekano 1 hadi 5, mara uzito wa madhara 1 hadi 5. Linasaidia kupanga foleni, lakini lina mtego. Mchubuko unaotokea kila wiki (5 × 1) na kifo kisichotarajiwa (1 × 5) vyote vinapata 5. Tunashauri chochote chenye uzito 5 kipelekwe kwa kiongozi siku hiyohiyo, bila kujali alama iliyopatikana.

15. Hatua ipi iandikwe kwanza, glavu au mafunzo?

Hakuna kati ya hizo. Anza kwa kukiondoa kihatarishi, kisha kukibadilisha na kisicho kikali, kisha kumtenga mtu nacho kwa kifaa, kisha kanuni na mafunzo, mwisho vifaa vya kujikinga. Kwa kebo inayokatiza njia: peleka soketi karibu na mashine. Ikishindikana, ipitishe darini. Ikishindikana tena, ifunike kwa kifuniko cha sakafuni. Bango la "angalia miguu" ni la mwisho, na peke yake halitoshi.

16. Hakuna aliyeumia. Bado niandike?

Andika siku hiyohiyo. Nusura ajali ni kihatarishi kilichojionyesha bila kuvunja mfupa wa mtu. Elezea kilichotokea kwa mfuatano, na usianze na jina la aliyekosea. Ukimwadhibu anayeripoti, wiki ijayo hutapata ripoti.

17. Picha zinapigwaje?

Moja ya mbali inayoonyesha raki na lebo yake, moja ya karibu ikiwa na rula au kalamu ya kulinganishia ukubwa. Usiingize mkono wala simu mahali ambapo hujapima umeme. Kabla ya kuihifadhi, kagua kama kuna nywila kwenye karatasi iliyobandikwa, anwani za mtandao kwenye skrini, au uso wa mtu. Jina la faili libebe namba ya rekodi.

18. Rekodi inafungwa lini?

Mtu mwingine, asiye aliyerekebisha, akishaenda kuangalia na kuandika alichokiona. "Kebo imeagizwa" haifungi rekodi. Ukikosea kuandika kwenye daftari, piga mstari mmoja juu ya kosa lisomeke, andika sahihi pembeni, weka saini na tarehe. Usifute na usichane ukurasa.

## Hali zisizo za kawaida

19. Msimamizi anasema niendelee ingawa naona hatari. Nifanyeje?

Mwambie kwa maneno, kisha umwandikie ukitaja kihatarishi kama kwenye swali la 13, na ubaki na nakala. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unataka mfanyakazi aliyejiondoa kwenye kazi kwa sababu ya msingi ya kuamini kuna hatari kubwa na ya karibu kwa maisha au afya yake alindwe asiadhibiwe isivyostahili. Sheria ya nchi yako ndiyo inayosema utaratibu, isome kabla hujaihitaji.

20. Kazi iko kwenye jengo la mteja. Rekodi ni ya nani?

Zenu wote wawili. Mpe mwenye jengo nakala kabla ya kuanza, kwa sababu breka, dari na mfumo wa gesi ni vyake. Omba kumbukumbu za asbesto (madini ya nyuzi yaliyotumika kwenye majengo, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu) kabla ya kutoboa dari au ukuta wa jengo la zamani. Zisipokuwepo, usitoboe hadi nyenzo ipimwe.

21. Niko peke yangu usiku kwenye kituo cha mbali.

Kuna kazi zisizofanywa peke yako: kufungua UPS kubwa, kunyanyua seva nzito, kupanda ngazi karibu na umeme. Kwa zilizobaki, mpe mtu saa ya kuingia, saa utakayopiga simu, na atakachofanya usipopiga. Ukikuta kihatarishi usichoweza kukiondoa, zima unachoweza, funga, weka lebo, piga picha kutoka umbali salama, ripoti, uondoke. Lebo iwe na saa na namba ya rekodi, ili anayeingia asubuhi asilazimike kukisia kwa nini umeme umezimwa.